Plastiki, leso au chumvi ya kisima: mradi upi uanze nao katika karakana ya shule?

Mwalimu mwenzangu wa Faza kapewa chumba. Kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mwalimu mkuu akaamuru kisafishwe, na sasa kina meza tatu, soketi mbili ambazo moja ndiyo inayofanya kazi, na dirisha linalotazama bahari. Watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 wataingia humo Jumatano baada ya masomo na Jumamosi asubuhi. Anataka watengeneze vitu kwa mikono yao, na anataka vitu hivyo viwe na neno la kuuambia mji. Akanipigia simu: "Maalim, nianze na nini?"

Nimeendesha klabu ya namna hiyo hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa miaka kadhaa. Nimeharibu mbao, nimeharibu sufuria ya mke wangu, na siku moja nusura niharibu uhusiano wa shule na mtaa mzima. Jibu nililompa lilikuwa refu hata salio likaisha, kwa hivyo naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye chumba kama hicho. Nitaiweka pamoja miradi mitatu niliyoifanya mwenyewe: wa taka za plastiki, wa leso (yaani kanga), na wa kupima chumvi ya visima. Mingine nitaigusa nikipita.

Kabla hujanunua chochote

Karakana za ubunifu zina ukoo unaojulikana. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928 aliyefanya kazi chuo cha MIT huko Marekani, alishikilia kwamba mtoto hujifunza vyema zaidi anapounda kitu halisi ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika chuo hichohicho, Neil Gershenfeld akaanzisha mtindo wa karakana zenye mashine za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, na mtindo huo ukaenea duniani. Shule nyingi zikashika la Gershenfeld na kusahau la Papert. Zikadhani karakana ni mashine.

Sisi wenyewe tuliletewa printa ya kuchapa maumbo ya plastiki na wafadhili waliokuja siku mbili, wakapiga picha, wakaenda zao. Ilifanya kazi muhula mmoja. Uzi wake wa plastiki hunyonya unyevu, na hewa ya Amu mnaijua. Ukianza kuchapa unasikia ukitatarika kama mafuta ya kukaangia bajia, na kitu kinatoka na vishimo. Stima ikipotea katikati ya kazi ya saa nne, kazi imekufa. Sasa imefunikwa vumbi kwenye kona, na wanafunzi huitundikia mikoba.

Na huku Matondoni, kisiwa hikihiki, mafundi wanatoboa mbao za jahazi kwa keekee, wanachonga kwa tezo, wanaziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta, bila mchoro hata mmoja wa karatasi. Tena si watu wazima tu. Mwaka 1997 huko Kiwayu, Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi wa bahari upande wa Kiunga, aliwakuta watoto wakijichongea vidude vya kuchezea kwa kandambili zilizotupwa na mawimbi. Akawahimiza akina mama wazikusanye, wazioshe, wachonge na wauze, na kutokana na mchezo huo wa watoto ikazaliwa kampuni ya Ocean Sole. Kwa hivyo mtu akikwambia atakuletea ubunifu Lamu, mwulize anautoa wapi.

Mtaala wa umilisi umetupa kibali tayari. Katika umilisi saba wa kimsingi umo ubunifu na umo uraia, na mafunzo ya huduma kwa jamii yanamtaka mwanafunzi atoke nje ya lango la shule. Kilichobaki ni kuchagua, na mimi huchagua kwa swali moja: kitu hiki kikishakamilika, nani atakipokea, na akishakipokea itambidi afanye nini? Jibu likiwa "tutakionyesha siku ya wazazi", najua mwisho wake ni kabatini.

Plastiki

Huu ndio mradi unaotajwa kwanza na kila mtu, na sababu ipo. Mwezi Septemba 2018 jahazi la Flipflopi lilishushwa majini hapa Lamu, limeundwa na Ali Skanda na mafundi wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake umevishwa kandambili kama 30,000 za kila rangi. Mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mtoto aliyekua akiliona jahazi hilo hahitaji kuhubiriwa kwamba taka ni malighafi. Ukimpa gunia la vifuniko, kabla hujamaliza sentensi ameshaanza kuvipanga kwa rangi.

Taabu ni moto. Vifuniko vingi vya chupa ni plastiki namba 2 au namba 5, ile namba inayopigwa ndani ya pembetatu. Ya namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ya namba 5 kwenye 160 hivi, na ukizichanganya ovyo bamba lako halishikani. Mimi mara ya kwanza nilitumia jiko la makaa nyuma ya darasa, na sufuria niliyoiazima nyumbani bila kuaga. Makaa hayana nyuzi, yana hasira. Chini kukaungua, juu vifuniko vikawa bado vifuniko, moshi ukaingia gredi ya 4, na mwalimu wao akatoka amejiziba pua kwa ushungi, hasemi neno, ananitazama tu. Bado nafikiri tulipona kwa bahati, kwa sababu katika gunia lile palikuwa na vipande vya bomba la PVC, ambayo ni namba 3. Hiyo haipashwi moto hata kidogo: hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu.

Kwa hivyo, huna joko lenye kipimajoto na banda lililo wazi pande zote, usiyeyushe. Tangu siku ile sisi hufanya plastiki baridi: kukata na kuchonga kandambili kwa kisu na msasa, kusuka vikapu kwa mikanda ya kufungia mizigo, kushona. Ramani za mashine za kusaga na kukandamiza plastiki zinapatikana bure kwenye intaneti kutoka mradi wa Precious Plastic ulioanzishwa Uholanzi mwaka 2013, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuziunda, ila hiyo ni kazi ya mwaka wa pili au wa tatu.

Upande wa uanaharakati ndipo mradi huu huyumba. Mji mzima unakubaliana nawe. Hakuna mtu Amu anayetetea taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa katika hifadhi na fukwe zinazolindwa. Ukienda na vikapu vyako utapigiwa makofi, utapewa soda, utarudi. Makofi hayambidi mtu kitu.

Kilichouokoa mradi kwetu ni kuhesabu. Tulitandaza gunia zima juu ya turubai, tukapanga si kwa rangi bali kwa jina la kampuni lililo kwenye lebo, tukachora safu ubaoni. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtwisha mzalishaji dhamana ya kile anachokiingiza sokoni hata baada ya mteja kukitupa, kwa hivyo ile safu ndefu kuliko zote ilikuwa na mtu wa kuandikiwa barua. Tukaandika. Halafu Jumamosi iliyofuata tukaokota upande unaotazama bahari kuu, na zikatoka chupa zilizovaa chaza, lebo zake zimechapwa Indonesia. Kijana mmoja akazigeuzageuza, akauliza, "Maalim, na hii barua yake tuipeleke wapi?" Tulizungumza kuhusu mikondo ya bahari na pepo za kusi hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Kilikuwa kipindi bora kabisa cha muhula, na hatukutengeneza kitu chochote siku ile.

Leso

Nilidharau leso mwanzoni. Nilidhani ni kazi ya mapambo. Siku hizi mtu akiniambia nichague mmoja tu, nachagua huu, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu walimu wengi wa ufundi, hasa sisi wanaume, hatuufikirii kabisa.

Vifaa: kitambaa cheupe cha marekani, rangi za kitambaa za makopo madogo, sponji ya godoro kuukuu, na stensili. Stensili bora tuliyowahi kuipata ni filamu za eksirei za zamani. Hazilowi, hukatwa vizuri kwa wembe, na watoto hupenda kuona mbavu za mtu zikigeuka maua. Leso yenyewe ina sehemu zake tatu ambazo kila mtoto anazijua bila kujua kuwa anazijua: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Ina historia ya biashara na ya siasa za nyumbani. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" bado imo kwenye makabati ya mama zetu. Majina ya mwanzo yalikuwa kwa hati za Kiarabu, baadaye yakaja ya Kilatini. Hapo tayari una hesabu, kwa ulinganifu wa pindo, una historia, una Kiswahili, na hujagusa rangi.

Ugumu ni jina. Leso ina mstari mmoja tu. Watoto wetu wamezoea mabango, kwa hivyo majaribio ya kwanza yalikuwa hotuba: TUTUNZE MAZINGIRA KWANI NI MUHIMU KWA MAISHA YETU. Nikamwalika bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, mwenye sanduku la leso alizozihifadhi tangu harusi yake. Alizikunjua moja baada ya moja, akawaeleza hii niliivaa siku gani, na nani alipoiona aligeuza njia. Kisha akasoma kazi zao, akatabasamu. "Hii ni hotuba, wanangu. Leso haihutubu. Leso humgusa mtu, naye akashindwa kujibu, kwa sababu akijibu amekiri kuwa ni yeye."

Sijawahi kusikia somo la uanaharakati lililofupishwa namna ile. Wiki iliyofuata kundi la wasichana wanne, wote wa mitaa yenye visima vibaya, wakaja na: *Kisima chetu chumvi, chai yenu tamu.* Chumba kikanyamaza kidogo, halafu kikacheka. Kijana mmoja anayehifadhi kaswida akawa anahesabu kwa vidole. "Inachechemea," akasema. "Kipande cha kwanza mizani saba, cha pili sita." Wakabishana, mwishowe wakatia *ni*: *chai yenu ni tamu*, saba kwa saba. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kopo la rangi mkononi, sina la kuongeza.

Baadhi walitaka kuchapa kwa muhuri wa mbao badala ya stensili, kwa kuwa Amu haikosi mtoto wa fundi wa nakshi. Wakapata vipande vya mwembe na patasi. Binti mmoja wa gredi ya 8 alitumia Jumamosi mbili kuchonga neno MAJI, herufi nzito zenye kingo kali, kazi ya kujivunia. Akapaka rangi, akakandamiza, akainua. Kitambaani kikasomeka ILAM. Muhuri hugeuza, na M, A na I hazioneshi, lakini J ikigeuzwa inakuwa kama L. Darasa likaangua kicheko, "Ilamu! Kasahau kuweka U!" Yeye hakucheka. Alichukua kioo cha mkoba wake, akakisimamisha mbele ya muhuri, akatazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kipande kingine cha mwembe akaanza upya, mara hii akichora kwanza kwenye karatasi laini na kuipindua. Ningeweza kufundisha ulinganifu wa kioo kwa mwezi mzima nisifike pale.

Nani hupokea leso? Hapa ndipo inapoushinda mradi wa plastiki. Leso huingia ndani ya nyumba ambako bango halifiki na mwalimu hakaribishwi. Huvaliwa sokoni, kwenye harusi, kwenye Maulidi. Tulipozipeleka kumi na mbili kwenye kikao cha wadi, hakuna mtoto aliyezungumza. Waliketi mstari wa mbele wamejitanda. Mwalimu mkuu alikuwa ameniuliza mapema, kwa sauti ya chini, hiyo "yenu" ni ya nani hasa. Nikamwambia leso haimtaji mtu. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Kasoro zake si ndogo. Ya kwanza, fumbo ni kisu cha pande mbili. Wasichana wawili waliokuwa wamegombana walianza kuchapiana majina, na ilinichukua siku tatu kuelewa vita vinapiganwa mezani mwangu. Sasa kanuni yetu ni kwamba jina humlenga mwenye mamlaka au desturi, halimlengi mwenzako. Ya pili, uzuri huzaa biashara. Wazazi wakaanza kuagiza, wageni wa hoteli wakataka kununua, na muhula mzima klabu ikawa kiwanda cha maua ya pindo, hakuna jina jipya hata moja. Sipingi watoto kupata hela ya madaftari, lakini niliwaona wakiacha kufikiri. Ya tatu ni kwamba leso huuma lakini haithibitishi. Mwakilishi wa wadi aliyeguswa anaweza kusema, "Watoto wetu wana vipaji, mashaallah," akaenda zake.

Chumvi ya kisima

Na hapo ndipo mradi wa tatu unapoingia. Kila nyumba Amu ina hadithi ya kisima kilichokuwa kitamu zamani. Sababu yake ni fizikia nzuri kabisa. Mvua inayoanguka kwenye vilima vya mchanga vya Shela huzama na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 chini yake. Ukivuta kupita kiasi ukashusha kimo cha juu kidogo tu, chumvi ya chini hupanda sana. Mweleze mtoto hilo kwa bilauri, maji ya chumvi na maji matamu yaliyotiwa rangi, yamiminwe polepole juu ya kijiko. Atayaona yamelala tabaka juu ya tabaka.

Chombo chenyewe: betri mbili ndogo, taa ya LED, rezista, waya, na ncha mbili za kuzamisha majini. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, taa huwaka sana, na maji matamu huifanya ififie. Sisi tulianza na misumari. Ikatoa povu, ikageuka rangi ya kutu kabla kengele haijalia, na maji yaleyale yakatupa jibu tofauti kila tulipopima. Mtoto mmoja akapendekeza risasi ya penseli. Tukachonga penseli ncha zote mbili, tukafunga waya upande mmoja, na vipimo vikatulia, mradi usome haraka na kutoa. Ukiwa na micro:bit, kile kibao kidogo cha kompyuta ambacho BBC ilikigawa kwa watoto wa shule wapatao milioni moja Uingereza mwaka 2016, utapata namba badala ya kukisia mwanga wa taa. Ukiwa huna, si kitu.

Kisha kupima kwenyewe: gramu 1 ya chumvi ndani ya lita 1 ya maji ya mvua ni miligramu 1,000 kwa lita. Tengeneza chupa tano za viwango tofauti, weka alama, linganisha. Shirika la Afya Duniani husema maji yenye vitu vilivyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 ladha huharibika. Bahari ni kama 35,000. Ipo kalamu ya dukani inayosoma haya kwa sekunde tatu, bei yake haizidi sana ya kuku wa kienyeji, na ni sahihi kuliko chombo chetu. Nunua moja, ifungie kwenye droo, itoe siku ya kuhakiki tu. Ukianza nayo, watoto watapima kila kitu pamoja na chai ya walimu na hawataelewa hata kimoja.

Jambo moja lazima liandikwe kwa herufi kubwa juu ya kila ripoti: chombo hiki kinapima chumvi, hakipimi vijidudu. Kisima kitamu kilicho jirani na shimo la choo kinaweza kukuua. Tuliona mama mmoja akifurahi kwa sababu taa yetu haikuwaka kwake, na ilibidi turudi kumweleza.

Kosa langu kubwa nililifanya hapa. Tulichora ramani nzuri, Mkomani, Langoni hadi Wiyoni, nukta za kijani, njano na nyekundu, tukaibandika nje ya lango. Siku ya pili akaja mwenye nyumba inayopokea wageni. Nukta yake ilikuwa nyekundu, na mtu mmoja ameshaipiga picha akaisambaza. Hakupaza sauti. Alisema, "Mlikuja kwangu mkaomba maji, nikawapa. Hamkuniomba ruhusa ya kunitangaza." Alikuwa na haki. Tukaibandua saa ileile. Siku hizi tunatia rangi mtaa, si nyumba, na mtoto hazamishi penseli kisimani mwa mtu kabla barua ya shule haijasomwa na mwenyewe. Visima vya misikiti, unaanza kwa imamu.

Kwa uzito wa ushahidi, hakuna mradi unaoukaribia huu, na watu wazima wa hapahapa wametuonyesha kwa nini ushahidi una maana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari mpya ya Lamu. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watoto wangu walizisoma habari hizo kama watu wanaosoma habari za wajomba zao. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya maji safi na salama ya kutosha, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Ombi halitaki uwe na kipaji cha kuzungumza. Linataka jedwali.

Mingine, kwa haraka

Kupanda mikoko ni kazi njema, na kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, lakini ni kazi ya shambani kuliko ya karakana. Tena mche ukipandwa pasipostahili hufa, na watoto wataona mwaka mzima wa picha umezama matopeni. Vijahazi vya mfano: fanyeni, kwa raha tu na kwa kuwaheshimu mafundi, msivitafutie ujumbe kwa nguvu. Redio ya shule inataka leseni ya kurusha. Acheni.

Sasa, kwa chumba cha Faza

Kwa gharama, leso na plastiki baridi zinakaribiana. Kupima chumvi kunazidi kidogo mwanzoni, kisha hakuna cha kununua ila penseli. Kwa muda, gunia la plastiki linakupa kitu mkononi Jumamosi ya kwanza, leso inataka wiki tano au sita hadi jina likomae, na chumvi inataka mwaka, kwa sababu vipimo vya mvua za masika bila vya kaskazi si habari. Kwa hatari, plastiki ikipata moto ndiyo mbaya kuliko zote kwa mwili, na chumvi ndiyo mbaya kuliko zote kwa ujirani. Ramadhani, leso pekee ndiyo inayoendelea bila kumchosha mtu, maana hufanywa kivulini umekaa.

Kama una watoto wadogo zaidi, au huna uhakika mwalimu mkuu atakusimamia mambo yakichacha, anza na plastiki baridi na kuhesabu lebo. Kama una mwalimu wa sayansi mwenye subira na mzee wa mtaa anayekuamini, anza na chumvi. Lakini kwa chumba chenye meza tatu na soketi moja, ningeanza na leso. Haitaki stima, inawaleta akina mama mlangoni, na ndiyo itakayokwambia kinachowauma watoto wenyewe. Kwetu ni leso ile ya chai iliyotufanya tuanze kupima visima. Nisingewahi kuufikiria mradi wa chumvi kama nisingeambiwa na kitambaa.

Nimemwambia asinunue marekani mpya. Nitampelekea jora lililobaki kwa boti ya Alhamisi, pamoja na filamu za eksirei na ule muhuri wa ILAM. Mwenyewe hautaki tena, na kwa kuanzia somo haujapatikana mwingine unaofaa kuliko huo.